Kombe la Marashi

Siku Msafiri alipokufa, tanuri lake la chokaa lilikuwa bado linafuka moshi ufukweni Kigombe. Aliliwasha mwenyewe mwanzoni mwa juma, baada ya kupanga magogo na matumbawe safu kwa safu. Tanuri la chokaa likishashika moto halizimwi, huachwa limalize kazi yake. Kwa hiyo lori la mkonge lilipomrudisha kutoka mjini Tanga, amefunikwa shuka ya hospitali, watu waliokuwa barabarani waliuona moshi wake kabla ya kuiona maiti yake.

Saleha, mkewe, alikaa nyuma ya lori, mkono wake juu ya shuka ili upepo usiifunue. Uweso, kaka mkubwa wa Msafiri, alikaa mbele na dereva. Njia nzima hakugeuza shingo.

Walizika alasiri ile ile. Kuharakisha maiti si kosa, ndiyo sunna. Lakini Uweso aliharakisha kama mtu anayefukia kitu. Hakutuma mtu Tongoni wala Pangani, na ndugu wa mbali wakaja kupata habari udongo umekwisha kukauka. Waliomswalia hawakufika safu mbili, naye ndiye aliyekuwa akiupaka chokaa msikiti wa kijiji kila Ramadhani ilipokaribia, ndani na nje, kwa mkono wake.

Kabla matanga hayajavunjwa, Saleha alikwisha kuona kwamba liko neno linalozunguka nyumbani mwake bila kupiga hodi. Wanawake walikuja kumpa pole, wakakaa kidogo, wakaaga. Waliokuwa wakilia waliacha kulia upesi. Akiwa chumbani, amevaa nguo nyeupe za eda, alimsikia mmoja uani akimwambia mwenzake, taratibu kama anayesoma dua, "Msiba wa kujitakia hauna kilio, dada yangu."

Saleha akamwita Mboni, mdogo wa marehemu mama yake, aliyekuja kukaa naye eda.

"Mama mdogo, wanasema nini?"

Mboni alikuwa mwanamke mfupi asiyejua kuzunguka. "Wanasema mumeo kafa kwa ulevi," akasema. "Wanasema alikuwa akinywa spiriti ya vanishi, ile wanayofanyia kazi maseremala. Na aliyesema ni Uweso, kwenye baraza ya msikiti. Kasema kwa sauti ya chini, ile ya chini inayotaka isikike."

Kilichompanda Saleha hakikuwa kilio, kilikuwa hasira.

Alimjua mumewe. Msafiri alikuwa mtu ambaye harusi ikichezewa ngoma na tembo la mnazi likipitishwa, aliondoka bila kugomba na mtu, akasema ana tanuri la kuangalia hata kama hana. Kosa lake lilikuwa kikohozi tu. Vumbi la chokaa lilikuwa limemkaa kifuani, na kaskazi ya mwaka ule, mwaka wa hamsini na sita, kikakataa kupoa. Alikunywa asali na tangawizi, akaenda zahanati akapewa vidonge, hakuona nafuu. Mwishowe akaenda kwa Maalim Sadalla kuandikiwa kombe.

Hilo halikuwa jambo geni. Nani Kigombe hajanywa kombe? Maalim aliandika aya kwa wino wa zafarani katika sahani nyeupe ya kaure, akaiosha sahani, na yale maji ya rangi ya dhahabu akayatia chupani mgonjwa akanywe. Waalimu wengine huosha kwa maji ya kisima na kutonesha marashi kidogo kwa ajili ya harufu. Maalim Sadalla hakufanya hivyo. Alisema haoni vyema maneno ya Mungu yachanganywe na maji ambayo watu wamenawia miguu. Yeye aliosha kwa marashi ya waridi matupu, yale ya kunyunyizia wageni kwenye maulidi, na watu walimsifu kwa hilo. Walisema kombe la Maalim Sadalla ukilinywa unalisikia.

Msafiri alilisikia. Jioni ya kwanza alijaza kikombe, akanywa, akakunja uso, akamwambia Saleha kwamba safari hii Maalim kaandika aya kali. Akacheka. Akalala kama gogo. Asubuhi akanywa tena, na jioni tena, na kesho yake hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa, naye alikuwa mtu wa kufuata maagizo.

Ndipo kichwa kikaanza kumgonga. Akatapika. Asubuhi, jua limekwisha kujaa uani, akamwambia mkewe afunge mlango kwa kuwa vumbi la chokaa linaingia chumbani. Saleha akatazama. Mlango ulikuwa umefungwa, na vumbi halikuwapo. Akampungia mkono mbele ya macho, naye hakupepesa. Akaanza kuhema kama aliyepanda mlima.

Walimpakia katika lori la mkonge, yeye na Saleha, na Uweso akapanda nao.

Hospitalini daktari alikuwa Mzungu mwenye haraka. Alimwinamia Msafiri, akatazama ndani ya macho yake kwa taa ndogo, akanusa kinywa chake, akamwagiza msaidizi wake la kufanya na kwenda zake kwenye chumba cha kupasulia, alikokuwa ameacha mgonjwa mezani. Msaidizi wake aliitwa Fanueli, Mbondei kutoka upande wa Magila, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Amani, kwenye zile nyumba za utafiti msituni. Huyo hakuwa na haraka. Aliwaambia kwamba mgonjwa amekunywa spiriti, ile inayotoka kwenye mbao. Uweso akasema haiwezekani. Fanueli akasema yeye hajui imeingiaje, anajua tu kwamba imo, na kwamba dawa yake ipo. Akaenda akarudi na bilauri. Ndani yake mlikuwa na brandi iliyozimuliwa kwa maji.

Uweso akaisikia harufu kabla bilauri haijafika kitandani.

"Hiyo nini?"

"Dawa, mzee wangu."

"Hiyo pombe."

"Ni pombe, na ndiyo dawa," akasema Fanueli. Kisha akamgeukia Saleha, labda kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimsikiliza. "Mama, hii spiriti yenyewe ikiwa tumboni haina ubaya mkubwa, hulewesha tu. Tabu iko kwenye ini. Katika ini mna kitu mfano wa chachu. Kazi yake ni kugeuza vileo, na kila mtu anayo, mnywaji na asiyekunywa, tumezaliwa nayo. Ikiikuta spiriti ya namna hii, huigeuza ikawa sumu kama ile dawa ambayo kule Amani tuliwatilia nyoka kwenye chupa wasioze. Hiyo ndiyo iliyompiga macho. Na haijamaliza."

"Na brandi itafanya nini?"

"Chachu ile hupenda brandi kuliko spiriti. Ukiipa brandi huishughulikia hiyo kwanza, nayo spiriti hukaa ikingoja zamu, mwisho hutoka na mkojo bila kugeuzwa. Kila saa inayopita, mama, inageuzwa nyingine."

Saleha hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akanyoosha mkono apokee bilauri. Uweso akasimama katikati.

"Ndugu yangu hatakwenda mbele ya Mola wake ananuka pombe."

"Shemeji, hii ni dharura," akasema Saleha. "Dharura ina hukumu yake. Mwenye kufa kwa njaa huruhusiwa hata nyamafu. Msafiri mwenyewe kanifundisha."

"Umekuwa mwanachuoni leo? Kaa kimya, mwanamke. Mimi ndiye mkubwa wake."

Akaichukua ile bilauri mkononi mwa Fanueli, akaenda nayo dirishani, akaimwaga nje. Fanueli akasema hana ruhusa ya kumnywesha mtu kwa nguvu ndugu zake wakikataa, akatoka mbio kumwita daktari. Daktari alikuwa na mtu tumbo wazi mezani, hakuweza kutoka. Alipokuja, Msafiri hakuwa akimeza tena kitu chochote. Walijaribu kwa sindano na mipira, wakahangaika naye kweli kweli. Akafa kabla ya adhuhuri. Daktari akawa ananawa mikono, akasema, na Fanueli akafasiri kwa shingo upande, kwamba si mara ya kwanza kuona Mwislamu aliyejificha akanywa, na kwamba wengine hunywa hata manukato, maana huyu kinywa chake kimenuka waridi.

Neno hilo ndilo Uweso alilolibeba mpaka Kigombe, na akaliongezea mkia. Akasema ndugu yake alikuwa akijipaka marashi ili kuficha harufu.

Sasa Saleha yuko ndani na eda yake. Mwenye eda hatoki nje kwenda kubishana na watu barazani. Hukaa, akasoma, akangoja. Wanaosema wasemayo wanajua hawezi kuwafuata. Alikuwa akiwasikia wakipita dirishani, wengine wakishusha sauti, wengine wasishushe. Mchana mmoja vijana wa kuchota matumbawe walipita wakimwigiza mtu anayepepesuka, wakicheka. Vijana hao hao walikuwa wakila chakula cha Msafiri kila tanuri lilipopakuliwa.

Alipokaa hivyo, hasira ikamfanya awaze, na kuwaza kukawa kazi yake. Kama spiriti ilikuwamo, na Fanueli hakuwa na sababu ya kusema uongo, basi iliingia kwa njia. Msafiri alikula alichompikia. Alikunywa maji ya mtungi ule ule aliokunywa yeye. Tanuri likiwaka haliachwi bila mtu, kwa hiyo siku zile hakwenda kokote ila ufukweni na msikitini. Saleha akapita juu ya siku zile moja moja, kama mtu anayetafuta sindano mkekani.

Kisha akanyanyuka, akafungua kabati, akatoa chupa ya kombe. Ilikuwa imebaki robo. Zafarani ilikuwa imetuama chini.

Akaivuta harufu. Waridi. Akangoja kidogo, akaivuta tena, polepole, na safari hii nyuma ya waridi akakuta harufu anayoijua. Ni ile ya spiriti ya kuwashia taa ya karabai, wakati wa kuipasha moto kabla ya kupigwa pampu. Kila mwenye karabai anaijua. Akamimina kidogo katika kisosi, akamwita Mboni alete kiberiti.

Mwali ulikuwa wa buluu, mwembamba, hauonekani vizuri kwenye mwanga. Mboni alijua ni moto alipoukaribishia mkono, akauondoa upesi.

"Marashi hayawaki," akasema Mboni.

"Hayawaki," akasema Saleha.

Wakakaa wawili wakikitazama kisosi mpaka moto ukafa wenyewe. Saleha akaifunga chupa vizuri. Mboni alitaka kutoka saa ile ile aipeleke habari kijiji kizima mlango kwa mlango. Saleha akamzuia. Habari ya mwanamke hupita masikio mawili ikaharibika, alisema. Alitaka wale waliosikia uongo kwa Uweso waione kweli kwa macho yao.

Nafasi ililetwa na Uweso mwenyewe. Arobaini ilipokaribia, alikuja na wazee wa msikiti, na Maalim Sadalla akiwa miongoni mwao, wakaketi ukumbini. Saleha alikaa chumbani nyuma ya pazia. Mboni akawaamkia shikamoo, wakaitika marahaba, akawapa kahawa. Uweso akaanza kwa mbali, akaeleza jinsi familia ilivyo na heshima na jinsi watu walivyo na midomo. Kisha akafika kwenye neno lenyewe. Alisema hitima ya arobaini isisomwe msikitini. Isomwe kimya kimya, watu wa nyumba tu, na pengine ni bora wasitangaze hata siku yake. Wazee wakatazama vikombe vyao.

"Nina swali kwa Maalim," akasema Saleha kutoka nyuma ya pazia.

Maalim Sadalla akainua kichwa. Alikuwa mzee aliyepauka, ambaye tangu msiba hakuwa amefika nyumba ile. "Sema, mwanangu."

"Kombe uliloliandika kwa ajili ya kifua cha mume wangu, uliliosha kwa kitu gani?"

"Kwa marashi. Kama siku zote."

"Marashi yanawaka moto?"

"Yatawakaje? Ni maji ya maua."

Mboni akatoka na kisosi, akakiweka mkekani mbele yao, akamimina kutoka kwenye chupa ambayo Maalim aliifunga kwa mkono wake na kuitia kizibo cha kitambaa. Akawasha kiberiti. Ukumbi ulikuwa na kivuli, na mwali wa buluu ukaonekana na kila mtu.

Wazee wakasogea nyuma. Uweso hakusogea.

"Mchezo wa kitoto huu," akasema. "Nani asiyejua kutia spiriti ndani ya chupa? Wewe shemeji una siku ngapi humu ndani na chupa hiyo, na mumeo alikuwa na akiba yake?"

Saleha alikuwa amelingoja neno hilo, na bado lilimchoma. Kabla hajajibu, Maalim Sadalla akasimama. Akavaa makubadhi yake akatoka, na wote wakakaa wakisikia hatua zake zikiishilia njiani. Aliporudi alikuwa amekumbatia chupa nne, tatu zimefungwa kwa lakiri na zina picha ya waridi, na moja imefunguliwa. Akaketi. Akamimina kutoka kwenye ile iliyofunguliwa. Mboni akampa kiberiti. Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili ikashika.

Ikawaka.

Akavunja lakiri ya chupa nyingine. Ikawaka.

Akasema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtu aliye mbali, kwamba siku zote hununua marashi mjini dukani kwa Hasanali, na kwamba safari hii yalimwishia, akapita mchuuzi mgeni na kikapu cha chupa hizi, naye Maalim akayanusa akaona ni makali, akafurahi. Alisema ukali aliudhania baraka. Chupa ile iliyofunguliwa aliifungua kwa ajili ya Msafiri, na tangu hapo hakuwa ameandikia mtu, kwa sababu ya simanzi.

"Kwa hiyo sikilizeni," akasema. "Mtu huyu alikunywa kombe. Alikunywa aya za Mungu kwa nia ya kupona, akiniamini mimi. Atakayesema tena kwamba alikunywa pombe, aje kwanza aniambie mimi kwamba niliuza pombe."

Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Mwingine akalia waziwazi. Wote walimwelekea Uweso, wakitazamia kwamba sasa naye atalia, maana ndugu yake amerudishiwa jina. Uweso alikuwa amekaa vilevile, macho yake kwenye kisosi, uso umekauka. Alikuwa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, si ya heri.

Ndipo Saleha, aliyekuwa akimtazama kwenye upenyo wa pazia, akaelewa. Siku zote hizo alidhani Uweso anauamini uongo kwa kuwa ni mtu wa dini kali. Sivyo. Uweso aliuhitaji. Msafiri akiwa mlevi, basi ile bilauri iliyomwagwa dirishani ilimwagwa kwa haki, na mtu alikufa kwa dhambi yake. Msafiri akiwa hakulewa, Uweso alifanya nini pale hospitalini? Alikuwa radhi kuwa na ndugu mlevi kaburini kuliko kulijibu swali hilo. Na kwa ajili ya hilo aliwaachia watoto wa watu wamwigize marehemu njiani.

Saleha akauliza, wala hakupandisha sauti.

"Shemeji, sasa unajua hakuwa mlevi. Siku ile ulipoimwaga dawa yake, ulikuwa unamlinda na nini?"

Uweso akasukuma kikombe chake cha kahawa kando. Akasema, "Daktari ndiye aliyesema."

"Daktari alisema anywe."

"Mimi nilishika dini."

"Dini alikuwa nayo yeye," akasema Saleha. "Kaishika mpaka imemwingia tumboni. Ini lake likafanya kazi liliyoumbiwa, halikujua. Maalim hakujua. Wewe uliambiwa mbele yangu, kwa Kiswahili, mara mbili, ukasema wewe ndiye mkubwa. Basi kuwa mkubwa leo. Simama msikitini useme ulichokifanya, kama ulivyosimama kusema asichokifanya yeye."

Uweso akanyanyuka. Mboni akamwambia, kwa upole wenye miiba, "Kahawa hujamaliza, bwana mkubwa." Akatoka bila kuaga, na hakuna aliyemfuata.

Maalim Sadalla alizimwaga zile chupa kwenye shimo la choo, kisha akazivunja. Mchuuzi walimtafuta Tongoni, wakamtafuta Pangani mpaka Ushongo, na kila mahali waliambiwa alipita. Ijumaa iliyofuata Maalim alisimama baada ya swala akasema yote, pamoja na habari ya bilauri, maana Saleha alimtaka asiache kitu. Watu walikuja nyumbani kumwomba radhi mjane. Aliwasikiliza. Wengine aliwasamehe, na wengine aliwaambia warudi siku nyingine, bado hawezi.

Arobaini ilisomwa msikitini, na watu walijaa mpaka uani. Uweso hakuja. Tangu hapo hitima ya Msafiri husomwa Kigombe kila mwaka, mwezi wa Mfunguo Tisa, mwezi aliokufa. Saleha humpelekea Uweso mtu wa kumwalika kila mwaka, naye haji.